Kabla ya bei, uliza gramu

Mvuvi wa Macaloe huvaa fulana kwa kazi ambazo aliyeishona hakuziwaza. Akivuta juya, kamba inapita begani juu yake. Akibeba ndoo ya samaki, anaikunja ngata. Jua la saa sita likimzidi, anajifunika nayo kichwa na shingo. Jioni, ikishakauka na kuacha mistari myeupe ya chumvi mgongoni, anaikung'uta na kuivaa tena. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kiko mkabala na pwani ya Macomia katika mlolongo wa visiwa vya Quirimbas, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ambako watu huzungumza Kimwani na Kiswahili kinaeleweka bila mkalimani. Fulana inayofika huko imeshaamuliwa na mtu mwingine: rangi yake, maandishi yake, bei yake, na jambo ambalo hakuna anayelitaja mbele ya mvaaji, yaani uzito wa kitambaa chake.

Walioamua ni wengi. Kuna chama cha siasa kilichoagiza maelfu ya fulana za kampeni. Kuna shirika la misaada lililotaka nembo yake ionekane kwenye picha. Kuna mwenye robota la mitumba, ambayo Msumbiji wanaiita calamidade tangu misaada ya njaa na vita ya miaka ya 1980. Kuna na kijana wa mjini mwenye mashine ya kuchapa, anayepokea oda ya timu ya mpira kwa simu. Kila mmoja wao huulizwa bei, saizi na siku ya kupokea mzigo. Gramu haziulizwi. Na gramu ndizo zitakazoamua kama fulana hiyo itakuwa nguo kwa miaka miwili au itakuwa tambara la kupangusia injini kabla ya kusi kupisha kaskazi.

Kipimo chenyewe hakina uchawi. Kitambaa cha fulana hupimwa kwa gramu katika mita moja ya mraba, na wafanyabiashara duniani kote wanakiita GSM. Wamarekani wanatumia aunsi kwa yadi ya mraba, na aunsi moja yao ni kama gramu 34 za huku. Fulana ya aunsi 6 basi ni ya gramu 203 hivi. Kiwandani wana kikataji cha mviringo kinachotoa kipande cha sentimita 100 za mraba, kipande kinawekwa kwenye mizani ndogo, namba inazidishwa mara 100. Fundi asiye na kikataji anaweza kukata mraba wa sentimita 10 kwa 10 na kuuweka kwenye mizani ya sonara jirani. Ukisoma gramu 1 na nusu, kitambaa ni cha 150. Ukisoma gramu 2, ni cha 200. Kazi nzima haimalizi dakika tano.

Zilizo chini ya gramu 130 ni nyepesi mno. Ukiinua kitambaa dhidi ya dirisha unahesabu vidole vyako upande wa pili. Kati ya 140 na 160 ndiko ziliko fulana laini za kuvaa kila siku, nyingi zikiwa zimefumwa kwa uzi namba 30. Kati ya 170 na 190 kuna fulana za kazi na za shule. Kuanzia 200 kwenda juu ni nzito, na nyingi hutumia uzi namba 20. Namba ya uzi huwachanganya wengi kwa sababu inakwenda kinyume: inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. Mifano inajulikana sokoni. Fulana ya Bella+Canvas 3001, ambayo wachapaji wengi wa Marekani wanaipenda, ni ya gramu 142. Gildan Softstyle ni 153. Gildan 5000, fulana ya mbio za hisani na mikutano ya koo, ni 180. Hizo ndizo zinazokuja kujaza marobota ya mitumba, na makala hii itazirudia.

Kwa nini basi muuzaji hazungumzii gramu? Kwa sababu kitambaa cha fulana, tofauti na kanga au khaki, aghalabu huuzwa kwa kilo. Chukua jora lenye upana wa sentimita 180. Kilo moja ya kitambaa cha gramu 150 inatoa mita 3.7. Kilo moja ya gramu 200 inatoa mita 2.8 tu. Fulana moja ya mtu mzima, ukijumlisha na vipande vinavyobaki chini ya meza, inakula kama mita 1.2 za mraba. Fulana 100 za gramu 200 zinahitaji kilo 24; za gramu 150, kilo 18; za gramu 130, kilo 15.6. Mteja aliyelipia "fulana nzito" bila kuandika namba amemwachia mshonaji mwanya wa kilo nane, na mwanya huo ni faida ya mtu.

Mazungumzo ya dukani yanajulikana. Mteja anashika kitambaa, anakivuta kidogo, anauliza, "Kaka, hii nzito?" Muuzaji anajibu bila kuinua macho kwenye simu: "Dada, hiyo ina kiwango, haina shida." Hakuna aliyesema uongo. Nzito kuliko ipi? Kiwango cha nani? Mkono wa mteja ni kipimo kizuri cha ulaini na kibovu cha uzito, maana kitambaa kilichopitishwa kwenye dawa ya kulainisha huhisika kinene wakati ni chembamba.

Lakini hata aliyepima dukani anaweza kuwa amepima kitu ambacho hakitakuwepo wiki ijayo. Kitambaa cha fulana hufumwa kwa vitanzi, kama sweta, na vitanzi vinavutika. Mwisho wa kazi kiwandani, jora hupitishwa kwenye mashine yenye joto inayokinyoosha kwa upana na urefu. Ukikinyoosha kuliko kinavyotaka, unapata mita nyingi zaidi katika kilo ileile, na kitambaa kinatoka laini, kimetulia, kinapendeza. Kinatulia hivyo mpaka kikutane na maji. Vitanzi vinarudi mahali pao, na fulana inarudi pamoja navyo. Kitambaa cha gramu 150 kikirudi kwa asilimia 5 kila upande kinakuwa cha gramu 166, na fulana ya urefu wa sentimita 72 inapoteza karibu sentimita 4. Ikirudi kwa asilimia 8 inapoteza karibu 6, na mvaaji akiinua mkono kuvuta tanga, kitovu kiko nje. Kuna na ile kasoro nyingine ambayo kila mama anayefua anaijua: mshono wa ubavuni unaozunguka mpaka ukatokea tumboni. Unatokana na uzi uliosokotwa kupita kiasi na kitambaa ambacho hakikupewa nafasi ya kujirudi kabla ya kukatwa.

Uzito wa kweli wa fulana, kwa hiyo, ni ule unaopatikana baada ya beseni. Ndiyo hoja nzima ya makala hii, na pwani ya Afrika Mashariki ina sababu kuliko nchi nyingi ya kuielewa, maana imeshauziwa uzito wa uongo zamani.

Katika karne ya 19 nguo iliyotawala biashara kuanzia Zanzibar hadi bara ilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts, iliyoletwa hasa na wafanyabiashara wa bandari ya Salem. Marekani na Sultani Said bin Sultan walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833, na kwa miongo kadhaa baadaye Waingereza walijaribu kuiondoa merikani sokoni wasifanikiwe. Wateja hawakuwa na mizani ya gramu, ila walikuwa na mikono, macho na maji. Merikani ilikuwa nzito kwa sababu ilikuwa na pamba nyingi. Nguo nyingi za Lancashire, Uingereza, zilikuwa nzito kwa sababu zilikuwa na dondo, na dondo lenyewe lilichanganywa na udongo mweupe, uleule wa kutengenezea vyombo vya kauri. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, viwanda vya Uingereza vilizidisha udongo. Mteja alinunua jora zito, akalifua, udongo ukaenda na maji, akabaki na wavu. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameeleza vizuri jinsi uchaguzi wa wanunuzi wa Afrika Mashariki ulivyofika mpaka kwenye viwanda vya ng'ambo: asiyefuata matakwa yao alirudi na mzigo wake.

Visiwa vya Quirimbas navyo havikuwa wanunuzi tu. Kabla Wareno hawajashika njia za biashara, huko kulifumwa nguo za pamba zilizotiwa nili, na Wareno wa karne ya 16 waliviita visiwa hivyo Maluane, kwa jina la nguo zenyewe. Padre João dos Santos, Mdominiko aliyeishi Quirimbas miaka ya 1590, aliandika habari za visiwa hivyo katika kitabu kilichochapishwa Évora mwaka 1609. Mfumaji wa aina hiyo alijua uzito wa nguo kabla haijazaliwa, maana aliishika pamba, akausokota uzi, akazihesabu nyuzi kwenye mtande.

Karne tatu baadaye mizani ilihama mkono. Kuanzia mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilikaza kilimo cha lazima cha pamba kaskazini mwa Msumbiji. Familia za Cabo Delgado zililima, zikavuna, zikabeba magunia hadi sokoni, na aliyesimama nyuma ya mizani alikuwa mnunuzi wa kampuni. Pamba ikapanda meli kwenda viwanda vya Ureno, ikarudi ikiwa nguo ghali. Mwaka 1957, katika uwanda wa Mueda, Lázaro Kavandame na wenzake waliunda ushirika wa wakulima wa pamba ili wauze kwa masharti yao. Kilimo cha lazima kilifutwa mwaka 1961. Allen Isaacman, aliyewahoji wakulima wengi kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu pamba na umaskini, anasimulia jinsi baadhi yao walivyotia mchanga au maji kwenye magunia. Walijua wanapunjwa kwenye mizani, wakajibu kwenye mizani hiyohiyo.

Leo Msumbiji bado inalima pamba, Tanzania inalima zaidi, na sehemu kubwa ya pamba za nchi zote mbili inaondoka ikiwa marobota ya nyuzi mbichi. Viwanda vipo. Sunflag ya Arusha, iliyoanza mwaka 1965, inafanya kazi kuanzia uzi hadi nguo. Texmoque ya Nampula, iliyojulikana kwa kapulana, ilifufuliwa kwa mtaji wa kampuni ya Kitanzania ya MeTL. Hata hivyo mvaaji wa pwani hajarudishiwa mizani. Anapewa fulana, anashukuru, anavaa.

Ni gramu ngapi basi zinamfaa? Hapa kuna makosa mawili yanayofanana kwa nguvu. La kwanza ni la wanaodhani nzito ndiyo bora. Fasheni ya vijana wa Dar es Salaam na Nairobi kwa sasa ni fulana pana za gramu 240 na kuendelea, zilizosimama kama ubao. Zinapendeza kwenye picha, na kwenye ukumbi wenye kiyoyozi hazina ubaya. Pwani ya Cabo Delgado wakati wa kaskazi, hewa ikiwa imejaa unyevu na jasho halina pa kwenda, fulana ya gramu 240 inalowa asubuhi na kushinda mbichi. Pamba hunywa maji mengi: hata ikiwa kavu kwa macho, karibu asilimia 8 ya uzito wake ni unyevu, na ikilowa kabisa inabeba maji kuzidi uzito wake yenyewe. Mvuvi aliyevaa nguo nzito iliyolowa amebeba mzigo asioulipwa. Kwenye visiwa vya matumbawe, ambako maji ya kisima yana chumvichumvi na sabuni haitoi povu, kuifua na kuikausha nguo nene ni kazi nyingine.

Wengine wanakimbilia polista, kitambaa cha jezi za mpira, ambacho hakinyonyi hata asilimia moja ya unyevu na hukauka haraka. Kwa dakika tisini uwanjani, sawa. Kwa siku nzima kazini inashika harufu, na karibu na moto wa kukaushia samaki inayeyuka na kugandia ngozi. Pamba huungua pia, lakini haigandi.

Kosa la pili ni la gramu 120. Wanaoagiza fulana za kampeni na za maadhimisho wana utetezi wao: nguo ni ya siku moja, ya nini kupoteza fedha? Utetezi huo ungekuwa na maana kama nguo ingevaliwa siku moja. Mwendo wowote wa pwani, Mtwara hadi Pemba ya Msumbiji, unaonyesha nyuso za wagombea wa chaguzi zilizopita zikiwa migongoni mwa wavuvi, wabeba mizigo na watoto. Anayegawa anahesabu siku ya mkutano. Anayepokea anahesabu msimu. Tena wino mzito wa kuchapia, unaokaushwa kwa joto la kama nyuzi 160, ukiwekwa kifuani juu ya kitambaa chembamba unakuwa kipande cha plastiki kisichopitisha hewa. Sura ya mheshimiwa inadumu, kitambaa kinachoizunguka kinachanika.

Halafu kuna jua. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba, ikiwa kavu, ina kinga ya namba 5 hadi 7 dhidi ya miale inayounguza ngozi, maana yake ni kwamba sehemu moja kati ya tano au saba ya miale inapita. Ikilowa, kinga inashuka hadi kama 3: theluthi ya miale inapenya. Mvuvi amelowa karibu muda wote. Kwa watu wenye ualbino hilo linagusa uhai wenyewe, na ndiyo maana mradi wa mafuta ya Kilisun, ulioanzia hospitali ya KCMC mjini Moshi, huambatana na mafunzo ya mavazi: mikono mirefu, kofia pana, kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Rangi iliyokoza inazuia miale zaidi ya nyeupe, na kitambaa cha gramu 170 kilichobana kinazuia zaidi ya cha 120 chenye vitundu. Shirika linalogawa fulana nyeupe nyembamba kwa watu wanaoshinda juani limetoa nguo inayowaachia ngozi zao karibu wazi.

Kwa pwani hii, kwa hiyo, kati ya gramu 150 na 170, pamba iliyochanwa kwa chanuo kiwandani ili nyuzi fupi zitoke, ndiko kwenye uwiano unaofaa kwa nguo ya kila siku. Zile nyuzi fupi ndizo zinazotoka baadaye na kuacha vidonge vidogo kwapani na kifuani. Kwa kazi ya kubeba, kupanda minazi au kuvuta kamba, 180 hadi 190 inastahili, mradi rangi isiwe nyeupe na mshono wa bega uwe na utepe ndani. Chini ya 140 ibaki kwa fulana ya ndani.

Mitumba inaingia hapa kwa namna ambayo wanaoipiga vita hawaitaji. Pietra Rivoli, mchumi wa Marekani, alifuatilia safari ya fulana moja kutoka mashamba ya pamba ya Texas, viwanda vya China, hadi mitumba ya Manzese jijini Dar es Salaam, akaandika kitabu mwaka 2005. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubaliana mwaka 2016 kuipunguza mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikazisimamishia nguo zake nafuu ya AGOA, ile ya kuingia soko la Marekani bila ushuru. Mjadala wote ulikuwa wa viwanda na ajira, na ulistahili. Ila mnunuzi anayeinama juu ya lundo ana sababu yake ya kushikilia mtumba. Gildan ya gramu 180 iliyofuliwa mara thelathini huko Ohio imeshamaliza kurudi. Mshono uliotaka kuzunguka umeshazunguka, rangi iliyotaka kuchuja imeshachuja. Anachokiona ndicho atakachovaa. Kiwanda cha Afrika Mashariki kinachotaka kumng'oa hapo hakitaweza kwa ushuru peke yake. Sharti kimuuzie fulana mpya ambayo baada ya kufuliwa inabaki ileile.

Atakayesema kwamba haya ni mambo ya wenye fedha, na kwamba watu waliokimbia vita tangu shambulio la Mocímboa da Praia la tarehe 5 Oktoba 2017, au walioezuliwa mapaa na kimbunga Kenneth tarehe 25 Aprili 2019, wanahitaji nguo yoyote, asikilizwe, kisha aonyeshwe hesabu. Fulana 1,000 za gramu 130 zinakula kilo 156 za kitambaa. Za gramu 160 zinakula kilo 192. Tofauti ni kilo 36 kwa watu 1,000, gramu 36 kwa kila mtu. Ushonaji ni uleule, uchapaji uleule, usafiri wa boti karibu uleule. Asiye na nguo ya kubadilisha ndiye anayehitaji zaidi ile moja aliyonayo idumu.

Idara ya ununuzi, iwe ya wilaya, ya shirika au ya chama, haihitaji mtaalamu kulifanya hili. Inahitaji mstari mmoja kwenye karatasi ya oda: pamba tupu iliyochanwa, gramu 160 kwa mita ya mraba, kupungua au kuzidi kusipite asilimia 5, kurudi kusipite asilimia 5, vipimo vyote vichukuliwe baada ya sampuli kufuliwa mara tatu kwa sabuni ya kawaida na kukaushwa kivulini. Chini yake iandikwe kwamba fulana tatu zitachaguliwa na mpokeaji mwenyewe kutoka katikati ya mzigo, zifuliwe, zikatwe na kupimwa mbele yake kabla ya malipo ya mwisho. Fulana tatu zitakazoharibiwa katika mzigo wa 1,000 ni gharama ndogo kuliko soda za siku ya makabidhiano, na msambazaji anayekataa sharti hilo amejibu swali la gramu kabla halijafika kwenye mizani.